Nikishaongoza Naanza Kukimbia

Kuna mstari mmoja wa selotepu nyekundu siwezi kuusahau. Ulikuwa umebandikwa kwenye sakafu ya ukumbi pale Lindi mjini, kona moja imeshaanza kubanduka kwa jasho na nyayo za watu tangu asubuhi, na kisigino changu cha kulia kilikuwa nje yake. Nje kabisa. Refa akanyoosha kidole pale chini akatoa onyo, na mimi nikabaki naiangalia ile selotepu kama mtu alieamshwa ghafla usingizini, maana nakwambia ukweli sikujua kama nimerudi nyuma kiasi kile.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Mimi ni fundi friji hapa Mtwara, na karate huu ni mwaka wa tisa. Dojo letu ni darasa la shule moja huku Shangani, jioni tunasogeza madawati ukutani, tunafagia, tunachora mraba kwa chaki kwenye saruji, tunaanza. Tuko kumi na kitu, wengine wanafunzi, yupo dada mmoja muuguzi, yupo bodaboda, yupo mzee mmoja wa samaki wa pale feri. Mwalimu wetu ni mtu mzima, tunamuita Sensei tu, ila yeye akitaka kukuambia jambo la maana hakuiti kwa jina, anakuita njomba kama watu wote wa kusini wanavyoitana.

Sa Sensei alikuwa hapendi mashindano. Na hakuwa anasema hivo kwa uvivu, alikuwa na hoja zake. Alikuwa anatusimulia habari za Gichin Funakoshi, yule mzee alieichukua karate kutoka Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, kwamba mzee yule hakuwahi kukubaliana na mambo ya kupigania pointi, alitaka watu wafanye kata, yani ile mipangilio ya ngumi na mateke unayoifanya bila mpinzani, watengeneze tabia. Alifariki Aprili 1957 akiwa na miaka 88, na Oktoba mwaka huo huo ndo yakafanyika mashindano ya kwanza ya karate ya Japani nzima. Sensei akifika hapo alikuwa ananyamaza kidogo, anatuachia wenyewe tujumlishe.

Na mimi nilijumlisha. Miaka sita yote nilikuwa nasema karate sio mashindano bana, karate ni kujijua. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nashuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu, nafanya kata peke yangu mpaka jua linatoka kule upande wa Msangamkuu, halafu naenda kazini najiona nimeshajijua vya kutosha. Najiona ni mtu mtulivu, jasiri, mtu asieyumba.

Leo naona tatizo lilikuwa wapi. Ukiwa peke yako ufukweni hakuna wa kukubishia. Unajitungia mtu unaempenda halafu unamuita mimi. Na hata mkiwa dojo, watu ni wale wale, mimi najua yule bodaboda mguu wake wa kushoto ndo wa hatari, najua muuguzi akivuta pumzi kwa pua anakuja na ngumi, na wao wananijua mimi, kwa hiyo tumeshazoeana mpaka tunapigana kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Hakuna anaemshtua mwenzie. Kuna vitu vyangu walikuwa hawavioni tena kwa sababu walishavizoea, na mimi sikuviona kwa sababu hakuna alieviona.

Alieviona alikuwa kijana mmoja wa Lindi ambae hatujawahi kusalimiana.

Tulienda kwa sababu vijana wa dojo walimsumbua sana Sensei. Wenzetu wa Lindi walialika vilabu kadhaa, mashindano ya siku moja tu, hakuna zawadi ya maana, kiingilio kidogo, chakula juu yako. Sensei akakubali kwa shingo upande. Tukapanda Coaster asubuhi stendi ya Mkanaledi, tukapita Mikindani bahari ikiwa shwari kabisa, nakumbuka nilikuwa nimetulia, nikawa nawatuliza wadogo zangu waliokuwa wanatapika kwa woga, nawaambia vuta pumzi, huyu mtu ana mikono miwili kama wewe. Mimi kaka mkubwa. Mkanda wa kahawia, unaofuata ni mweusi. Nikapimwa uzito nikaingia kwenye kilo 67.

Kwa msiojua jinsi pointi zinavyohesabiwa: ngumi ikifika vizuri ni pointi 1, teke la mwilini ni 2, teke la kichwani 3. Mnapigana kwenye mraba wa mita 8 kwa 8, dakika 3, mmoja mkanda mwekundu mwingine bluu. Na kuna kitu kinaitwa senshu. Yule anaepata pointi ya kwanza bila mwenzie kupata papo hapo anapewa hiyo senshu, maana yake mkimaliza mmefungana yeye ndo mshindi. Zikibaki sekunde 15 refa anatangaza, atoshi baraku, yani muda umekaribia. Na hapo sasa ndo pana mtego, kwa sababu ukiwa na senshu halafu ndani ya hizo sekunde 15 ukapewa onyo la kukwepa pambano, mfano kutoka nje ya mstari, unanyang'anywa.

Mimi nilikuwa mwekundu. Nikaanza vizuri, ngumi ya mkono wa mbele ikafika usoni kwake safi, 1-0, senshu yangu. Akanijibu kwa teke la ubavuni, 2-1 kwake. Hapo nikapanda moto, nikamfuata, nikamfuata tena, nikamchapa ngumi ya tumboni, 2-2. Kwa hiyo kwa senshu naongoza mimi. Imebaki kama dakika moja.

Hiyo dakika moja mimi nilikuwa nakumbuka nilipigana. Kabisa. Kichwani mwangu nilikuwa nampima, namvuta, namsubiri aingie nimmalize. Refa akatangaza zile sekunde 15, yule kijana akaja mzima mzima, nikateleza kulia, nikateleza tena, kisha ule mstari. Onyo. Senshu ikaondoka. Tukamaliza 2-2, majaji wakapiga kura, bendera nyekundu ilikuwa moja tu, zilizobaki zote bluu. Na walikuwa sahihi, hilo nalisema wazi, hakuna mtu alienionea siku ile.

Mmoja wetu alikuwa amerekodi kwa simu. Nikaiangalia ile video nimekaa nje ya ukumbi kwenye kivuli cha mwembe na glavu bado mikononi. Nikairudia. Nikairudia tena. Mpaka inakuwa 2-2 kuna mtu pale mwekundu anaenda mbele, mbele, mbele, hata akipigwa anaenda mbele. Baada ya 2-2 hakuna hata hatua moja ya mbele. Hata moja, jamani! Nilihesabu. Dakika nzima ni mtu mwingine, mabega yamepanda, kidevu kimejificha, anazunguka pembeni mwa mraba kama anatafuta mlango. Na mimi ndani ya yule mtu nilikuwa najiona nampima mwenzangu.

Kupigwa sikuumia. Kilichoniuma ni kuona kwamba nilikuwa sijui. Ningekuwa najua kwamba naogopa, sawa, kila mtu anaogopa. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshaamua kukimbia na kichwa changu kinaniambia hadithi nyingine, na nimeiamini.

Kurudi, gari likasimama Mnazi Mmoja pale njia panda ya Masasi, wakaja wauza ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, na mayai. Sensei akanunua ming'oko, ya moto, ina chumvi na pilipili, akanimegea, tukawa tunamenya taratibu na gari linaondoka. Muda mrefu hakusema kitu. Halafu akasema, "Njomba, wewe ukiwa nyuma huogopi mtu. Ila ukishapata tu, unataka mchezo uishe." Akaendelea kula.

Mimi nikashindwa kumeza.

Kwa sababu alikuwa anazungumzia karate lakini mimi niliiona korosho.

Marehemu baba alituachia mikorosho Nanguruwe, tumegawana, fungu langu sio kubwa ila linazaa vizuri. Mwaka 2018 wenye kumbukumbu mnajua ilivyokuwa, msimu umefunguliwa, minada imeanza, bei ikaja chini wakulima wakagoma kuuza, watu wamekaa na mzigo wanasubiri. Mimi mwaka ule nilikuwa nimehudumia shamba kuliko mwaka wowote, nimepalilia mwenyewe, nimepulizia dawa kwa wakati, nimeokota na mama yangu, nimeanika, nimejaza magunia, yako ndani yamepangwa mpaka karibu na dari. Yani nilikuwa naongoza. Na kila usiku silali. Nasikia panya naamka, nasikia mvua naamka, nawaza itakuja bei mbaya zaidi, nawaza zitaingia ukungu, nawaza watakuja wezi. Wakati ule shamba lilipokuwa msitu na sina hata hela ya dawa nilikuwa nalala fofofo.

Akaja mtu na pesa taslimu usiku. Kangomba. Kwa msio wa huku, kangomba ni kile kikopo walichokuwa wanapimia korosho badala ya mizani, ila siku hizi ukisema kangomba ni biashara nzima ya kununua korosho za mkulima nje ya mfumo wa minada kwa bei ya kutupa, na ni kosa kisheria, mimi najua, nilijua na siku ile pia. Nikauza. Sitaji bei kwa sababu mpaka leo naona aibu mbele ya mama. Novemba ile ile serikali ikatangaza itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Waliosubiri nao walisota sana kulipwa, sisemi walipata kirahisi. Lakini mimi sikuuza kwa njaa. Nyumbani unga ulikuwepo. Niliuza ili nilale.

Mama aliniambia neno moja tu, "Mwanangu, umelima bila kuogopa ukaja kuyaogopa mavuno." Nilimuona ananionea. Ilibidi nipite miaka, na kijana wa Lindi, na selotepu, ndo nimuelewe.

Na nikianza kuhesabu yapo mengine. Ile karakana niliyoianzisha na rafiki yangu nikamuachia upande wangu wateja walipoanza kujaa. Mambo ya moyo pia, hayo nayaacha.

Kuna watu nimewasikia wanasema mchezo ni mchezo tu, usiuchanganye na maisha. Mimi sikubaliani nao. Kwenye maisha mambo yanachukua miaka na visingizio viko vingi, bei ya soko, hali ya hewa, ndugu, serikali, huwezi kujua nani alishindwa wapi. Kwenye mraba ni dakika tatu na hakuna mwingine mule ndani wa kumsingizia. Ndo maana panaonyesha. Hapakufundishi kitu kipya, panakuonyesha kwa haraka kitu ulichokuwa unakifanya polepole siku zote.

Baada ya pale nikawa na kiu ya kuangalia watu wanaoongoza. Wanaotoka nyuma kushinda, hao kila mtu anawapenda na habari zao zinasimuliwa sana. Mimi nilitaka yule aliekuwa mbele tangu mwanzo, alikaaje kule mbele? Na jibu nikalikuta nyumbani Tanzania, Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Nimeiangalia ile mbio YouTube sijui mara ngapi. Bayi anatoka mbele tangu mwanzo, hajifichi nyuma ya mtu, hamsubiri mtu. Anawaacha kweli kweli. Mwisho pale John Walker, wa kwao pale pale, anakuja, pengo linapungua, linapungua, mashabiki wanapiga kelele za mwenyeji wao, na Bayi anafika wa kwanza kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Ile ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani ilikuwa 3:33.1, tangu 1967. Hata Walker wa pili aliivunja ile ya zamani.

Watu wakisimulia wanasimulia rekodi. Mimi nasimamisha video kwenye ule mpindo wa mwisho. Mtu ameongoza karibu mbio nzima, nyuma kuna anaekuja, na hana pa kujificha, wote wanamuona mgongo. Mimi ningekuwa pale najua ningefanya nini, ningeomba mbio ziishe. Yeye anakimbia tu kama bado anazitafuta.

Na kuna upande wa pili wa jambo hili, usiodhania. Karate iliingia Olimpiki mara moja tu, ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Fainali ya wanaume wazito, tarehe 7 Agosti, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4-1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akaendelea kushambulia, akarusha teke la juu, likampata mwenzie akaanguka akatolewa kwa machela. Teke lilikuwa zito kupita sheria, mtu wa Saudia akaondolewa, dhahabu ikaenda kwa aliekuwa amelala. Vijana wa dojo walibishana wiki nzima, na bodaboda wetu mpaka leo anasema ni dhuluma. Mimi naona majaji walikuwa sawa, karate yetu ukishindwa kuuzuia mguu wako umeshindwa, na hilo hata mzee Funakoshi angelikubali. Ila lilinifanya nione kwamba kuongoza ni mzigo kwa kila mtu. Kuna anaekimbia kama mimi, kuna anaezidisha.

Sensei siku hizi habishi tena kuhusu mashindano. Hajasema amebadilika, ila alianzisha zoezi moja, na alilianzisha kwa ajili yangu. Ananiweka katikati ya mraba wa chaki, nyuma ya mstari anamwaga punje za mahindi makavu pande zote nne. Halafu anasema, unaongoza moja bila, zimebaki sekunde kumi na tano. Wanaingia mmoja mmoja, dojo zima, kila mmoja na sekunde zake kumi na tano, na kazi yao ni kunitoa.

Siku ya kwanza walikuwa kumi. Nilikanyaga mahindi mara saba. Mara moja alinitoa binti wa kidato cha tatu, mkanda wa kijani, nimemzidi kilo kama ishirini, alinijia tu bila kusimama na miguu yangu ikaondoka yenyewe. Pekupeku kwenye saruji punje ya hindi inauma, unajua hapo hapo kwamba umekimbia, hakuna haja ya video.

Ilinichukua miezi kuona kinaanzia wapi. Kinaanzia kisiginoni. Kabla sijaamua chochote kisigino cha kulia kinanyanyuka kidogo sana, labda unene wa kidole, na wakati huo huo pumzi inakatika. Kisigino na pumzi, vinakwenda pamoja. Nikijua hivo nikaacha kuhangaika na ujasiri, sijui hata ujasiri unaushika wapi, nikawa nahangaika na kisigino. Toa pumzi, bandika kisigino. Tena. Na nikawa nakigundua sehemu nyingine, mteja mkubwa wa hoteli akinipigia simu kunipa kazi ya vyumba vyote, nimekaa kwenye kiti cha karakana, nasikia kile kisigino kinanyanyuka chini ya meza. Nikatoa pumzi. Nikasema nakuja kesho saa mbili.

Mwaka jana wenzetu wa Lindi tukawaalika sisi hapa Mtwara. Yule kijana hakuwa kwenye uzito wangu tena, amenenepa, amepata mtoto, tulisalimiana tukacheka vizuri. Nilipigana na mwingine. Nikaongoza 3-1. Refa akatangaza atoshi baraku na mwili wangu ukafanya vile vile, mabega juu, pumzi imekata, kisigino kimenyanyuka. Nilikisikia. Nikakibandika chini nikaenda mbele, nikapigwa ngumi ya kifua, 3-2, nikaenda mbele tena, tukagongana katikati mpaka ikalia kengele.

Pambano lililofuata nilitolewa mapema tu, jamaa alikuwa mkali kuliko mimi.

Jioni watu wameondoka, tukabaki sisi wenyeji kukunja magodoro na kubandua selotepu. Kabla hawajafika kona yangu nikawaambia wasubiri kidogo. Nikasimama pale nilipokuwa nimesimama kengele ilipolia, nikageuka, nikahesabu kwa nyayo, unyayo mbele ya unyayo, mpaka kwenye mstari. Nyayo kumi na moja. Binti wa mkanda wa kijani alikuwa ameshika ncha ya selotepu ananisubiri nimalize, akaniuliza, "Kaka, tubandue?" Nikamwambia bandua.